Huu moyo nimeutoa kwa bibi na babu, Newala

Kuna watu wananiuliza we dogo unapata nini kukaa pale ghalani msimu mzima unawasomea wazee risiti za korosho na hulipwi, jamani mi nimelelewa na bibi na babu Newala, huku Mtwara. Wanaopajua wanajua uwanda wa Makonde ulivyo, maji ni shida, zamani wanawake walikuwa wanashuka bondeni kuchota halafu wapande nayo ule mlima. Sasa bibi alikuwa na kisima cha maji ya mvua pale nyumbani na hakuwahi kukifunga kufuli, kiangazi majirani wanakuja na madumu, akikuta ni mama mjamzito au mzee ananiita "mjukuu wangu, mbebee mpaka kwake," na mi nabeba huku nimenuna kweli kweli 😂

Babu yeye ndo wa korosho. Ule mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani ulivyoanza 2007 wengi hawakuuelewa, unapeleka mzigo ghalani unapewa karatasi, hela nyingine mpaka mnada upite, wazee wasiojua kusoma walikuwa wanateseka. Babu anavaa miwani yake yenye kamba, anasoma kilo, daraja la ubora, makato, taratibu, harudii kwa ukali hata ukimuuliza mara kumi.

Saa hizi malipo yanaingia benki, meseji zinachanganya zaidi, so nipo. Msimu ukifunguliwa mniletee meza basi, ile ya mwaka jana miguu imelegea.