Nilivyobadilisha boila kuukuu na kuyaacha mabomba mahali pake

Dimbwi lililokuwa chini ya boila lilikuwa dogo, halizidi upana wa sahani, lakini maji yake yalikuwa na rangi ya kutu, na kila nilipolikausha asubuhi lilirudi kabla ya jioni. Boila yenyewe, inayochoma gesi na kupasha maji yanayozunguka kwenye mabomba ili kutia vyumba joto, ilikuwa ya chuma cha kusubu, imeungwa vipande vipande, na ilikuwemo ndani ya nyumba kabla sisi hatujahamia. Maji yalikuwa yanapenya kwenye maungio ya vipande hivyo. Nilijua siku zake zimekwisha.

Mafundi wawili wa kwanza walinipa jibu moja: ng'oa boila, ng'oa mabomba, anza upya. Sikuliafiki. Mabomba yale ni ya shaba, yamepita chini ya sakafu na ndani ya kuta, na kwa miaka yote tuliyokaa hapo hakuna kiungio hata kimoja kilichotoa tone. Ugonjwa ulikuwa kwenye chombo kimoja. Kwa nini nibomoe kuta za vyumba vyote?

Fundi wa tatu alikuwa mzee wa makamo. Hakuigusa boila. Aliyafuata mabomba kwa tochi mpaka yanapoingia kwenye dari, kisha akanigeukia: "Mwanangu, kabla hatujasema boila gani, niambie nyumba yako inakula joto kiasi gani." Sikuwa na jibu. Akanielekeza namna ya kulipata, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kweli.

Jiko letu ni la umeme na maji ya kuoga yana hita yake, kwa hiyo gesi yote iliyopita kwenye mita ilikuwa ya boila. Nilisoma mita saa moja asubuhi, siku baada ya siku, katika wiki ya baridi kali. Siku iliyokuwa mbaya kuliko zote tulitumia mita za ujazo 24. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa takriban kilowati-saa 10.5, kwa hiyo zilikuwa kilowati-saa 252 kwa saa 24. Boila kuukuu kama ile hupoteza sehemu kubwa ya joto kupitia dohani. Fundi alikadiria kwamba robo tatu tu ndiyo ilikuwa inafika vyumbani. Ukichukua robo tatu hiyo na kuigawanya kwa saa 24, nyumba ilikuwa inahitaji kama kilowati 8 katika baridi kali kabisa. Kibao cha boila kilisomeka kilowati 32!

Sasa nikaelewa kwa nini ilikuwa inawaka dakika nne na kuzima dakika kumi na mbili, mchana kutwa na usiku kucha. Na nikaelewa jambo jingine lililonifurahisha zaidi. Kusafirisha kilowati 8 kwa maji yanayotoka yakiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya yanayorudi kunahitaji lita 6 tu kwa dakika. Bomba kuu la milimita 28 linapitisha zaidi ya mara nne ya kiasi hicho bila kelele. Mabomba yetu hayakuwa madogo wala mabovu. Yalikuwa na nafasi ya kutosha na kusaza.

Kikabaki kipimo kimoja. Boila za kisasa huvuna joto la moshi: mvuke uliomo ndani yake hupozwa hadi ugeuke maji, na joto lake huingia kwenye mzunguko. Lakini hilo halitokei kama maji yanayorudi kutoka vyumbani yana nyuzi 70. Kwa gesi asilia, ni lazima yashuke chini ya nyuzi 55 hivi. Je, radieta zetu, yaani vile vyombo vya vyumbani ambamo maji ya boila hupita na kutoa joto lake, zingeweza kupasha nyumba kwa maji ya uvuguvugu? Nikashusha boila ya zamani kutoka nyuzi 80 hadi 60 kwa siku mbili tu, maana chuma cha kusubu huliwa na unyevu wa moshi uliopoa kikiachwa hivyo muda mrefu. Vyumba vyote vikabaki kwenye nyuzi 20. Radieta zilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nazo zikabaki.

Basi tukakubaliana kwamba mabadiliko yote yatakaa ndani ya mita moja na nusu ya ukuta. Tungekata bomba la kupeleka na bomba la kurudisha mahali pamoja, karibu na dari, na kufunga vali mbili hapohapo, ili siku boila itakapohitaji kutolewa tena, maji ya nyumba nzima yasimwagwe. Kutoka kwenye vali hizo mabomba mapya yashuke hadi boila mpya inayoning'inia ukutani, ambayo matundu yake yote yako chini.

Nilikuwa nimesoma kuhusu kuweka tii mbili (viungio vya njia tatu) zilizokaribiana ili pampu ya boila na pampu ya nyumba zisigombane, nikazitaka. Fundi alikataa, na bado naona alikuwa sahihi. Mzunguko wetu ni mmoja, hauna upinzani mkubwa, na pampu iliyomo ndani ya boila inautosha. Tii hizo zingeruhusu maji ya moto yakate njia na kurudi kwenye boila, na sehemu ya lile joto la moshi ingepotea. Tukaitoa pampu ya zamani na kuweka kipande cha bomba mahali pake.

Mahali pengine sikubana chochote. Dohani ya matofali haikufaa tena, kwa sababu moshi uliopoa una maji yenye asidi, na ungeila kutoka ndani. Boila mpya ilipewa bomba lake la moshi la plastiki maalumu, lililopita kwenye tundu la ukutani, limeinamishwa kidogo kurudi ndani ili maji yaiendee boila na kutoka kwa mtaro. Maji hayo tuliyapitisha kwanza kwenye chombo chenye vipande vya mawe ya chokaa. Kazi ya gesi ilifanywa na mwenye leseni, akapima pia kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, kwenye moshi kabla ya kuondoka. King'ora cha gesi hiyo tulikuwa nacho tayari, nikakibadilisha kwa kuwa muda wake ulikuwa umekwisha.

Halafu lile tope. Tulipofungua maji ya radieta yalitoka meusi kama wino, na nilipozamisha sumaku kwenye ndoo ilitoka imevaa manyoya. Ni kutu ya ndani ya radieta, iliyojikusanya miaka na miaka. Boila kuukuu ilikuwa na njia pana, tope likipita halijali; mpya ina njia nyembamba zinazoziba upesi. Tulisukuma maji safi kwenye radieta mojamoja, nyingine zikiwa zimefungwa, hadi kila moja ikatoa maji meupe. Hiyo peke yake ilikula siku nzima, na ningeirudia leo bila kusita. Kichujio chenye sumaku tukakifunga kwenye bomba la kurudi, na dawa ya kuzuia kutu ikaingia pamoja na maji mapya. Tanki la upanuzi, linalopokea maji yanapotanuka kwa joto, nililigonga nikasikia limejaa maji hadi juu: mpira wake ulikuwa umepasuka. Jipya tulilijaza upepo wa shinikizo la bari 0.9, kisha maji ya nyumba bari 1.2.

Mkwamo ulikuwa mmoja. Yunioni ya zamani (kiungio cha bomba kinachofunguka) niliyotaka kuiokoa ilivuja mara tatu, mpaka fundi akakata sentimita kumi zaidi na kuiondoa. Usiku wa kwanza radieta za juu zilikoroma kwa hewa. Nilizitoa hewa kuanzia za chini kwenda juu, geji ikashuka hadi 0.7, nikaongeza maji, na kesho yake nikarudia.

Sasa kuna kihisio cha nje kinachoiambia boila hali ya hewa. Siku za kawaida maji hutoka na nyuzi 45, siku za baridi kali 58, na kichomeo huwaka mfululizo kwa moto mdogo. Kichujio nilikifungua baada ya wiki mbili nikakuta tope unene wa kidole. Baada ya miezi miwili nilikuta utando tu, ambao niliufuta kwa kitambaa.