Nuru ya kijani katika kongosho la panya

Mtoto anapofikishwa hospitali hapa Moshi akiwa na dalili za kisukari, yaani amekonda, anakojoa mara kwa mara na anahema kwa kasi, sisi wa maabara tunaweza kupima sukari iliyomo katika damu yake kwa muda mfupi sana, na vitendanishi vikiwepo tunaweza hata kupima C-peptidi, kile kipande kinachobaki wakati seli inapotengeneza insulini. Tusichoweza kabisa ni kumwambia mzazi wake ni seli beta ngapi, yaani seli za kongosho zinazotengeneza insulini, zilizosalia. Kongosho la mtu mzima lina uzito wa takriban gramu 100, limejificha nyuma ya mfuko wa tumbo, na visiwa vya Langerhans vinavyobeba seli hizo ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito huo. Kukata kinyama kwa ajili ya uchunguzi ni hatari, maana kiungo hicho kimejaa vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo vikivuja huanza kukisaga kiungo chenyewe. Paul Langerhans alivieleza visiwa hivyo mwaka 1869, na hadi leo hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoweza kuvihesabu ndani ya mgonjwa aliye hai.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikifuatilia kwa karibu utafiti wa panya waliopandikizwa jeni inayong'aa. Najua kwamba Mtanzania akisikia habari za panya wa utafiti hukumbuka kwanza wale panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu na kifua kikuu, nao wanastahili sifa zao. Ninaowazungumzia hapa ni panya wadogo wa maabara, na kazi yao ni kuonyesha kilichomo ndani ya miili yao wenyewe.

Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwemo Manami Hara na Graeme Bell, walieleza panya ambao seli zao beta hung'aa kijani. Panya ana jeni mbili za insulini, ilhali binadamu ana moja. Watafiti walichukua promota ya jeni ya kwanza ya panya, yaani ile sehemu ya DNA inayoamua jeni isomwe wapi na wakati gani, wakaiunganisha na jeni ya protini ya kijani inayotoka kwa konyeza wa baharini aitwaye Aequorea victoria. Protini hiyo iligunduliwa na Osamu Shimomura na kutangazwa mwaka 1962, na mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu yake. Kwa kuwa promota ya insulini hufanya kazi hasa katika seli beta, protini ya kijani nayo hutokea humo.

Ukiliweka kongosho la panya wa namna hiyo chini ya hadubini na kulimulika kwa mwanga wa buluu, nyama yote inayotengeneza vimeng'enya hubaki giza, na visiwa hujitokeza kimoja kimoja, vingine vikubwa na vingine vya seli chache tu, vikifuata njia za mishipa ya damu na mirija. Kabla ya hapo ilibidi kongosho likatwe vipande vyembamba na kupakwa rangi, au visiwa vitiwe dithizoni, ambayo hushika madini ya zinki yaliyomo pamoja na insulini na kuvifanya viwe vyekundu. Faida nyingine, ambayo mimi naiona kubwa kuliko uzuri wa picha, ni kwamba seli zinazong'aa zinaweza kuchambuliwa kwa mashine moja baada ya nyingine, ukapata seli beta hai peke yake.

Hata hivyo, mwanga wa kijani haupenyi vizuri katika ngozi, nyama na damu. Kwa panya aliye hai watafiti walitumia lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli: panya hudungwa lusiferini, dutu ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kutoa nuru, huwekwa katika sanduku lenye giza, na kamera nyepesi kuhisi mwanga hupima nuru inayotoka tumboni mwake. Panya yuleyule anaweza kurudiwa wiki baada ya wiki bila kuuawa. Katika panya wa aina ya NOD, ambao kinga ya miili yao huzishambulia seli beta kama inavyotokea katika kisukari aina ya kwanza, nuru ilionekana kupungua kabla sukari haijapanda. Kwetu sisi tunaowapokea watoto wakiwa tayari wana asidi katika damu, jambo hilo ni zito: ugonjwa huwa umeanza zamani kabla ya dalili.

Lakini nuru hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba promota ya insulini inafanya kazi. Taa inayowaka dukani haikuambii kama kuna mauzo, na seli inayong'aa inaweza kuwa imechoka kiasi cha kushindwa kutoa insulini sukari inapopanda. Isitoshe, kiwango cha sukari chenyewe hubadilisha kasi ya promota, kwa hiyo nuru iliyofifia inaweza kumaanisha seli zilizokufa au seli zilizo hai ambazo zimepunguza kazi. Mtafiti makini hupima pia insulini yenyewe.

Kuna somo jingine ambalo lingepaswa kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa maabara. Katika aina kadhaa za panya hawa, wajenzi waliongeza kipande cha jeni ya homoni ya ukuaji ya binadamu ili jeni iliyopandikizwa isomwe vizuri zaidi, wakiamini kwamba homoni yenyewe haitatengenezwa. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba ilikuwa ikitengenezwa ndani ya seli beta. Homoni hiyo hushika kipokezi cha prolaktini, homoni ya maziwa, cha panya, na seli zikaanza kutenda kana kwamba panya ana mimba: zilitengeneza serotonini na zikastahimili zaidi streptozotosini, sumu inayotumika kuziua katika majaribio. Fikiria mtu aliyekuwa akijaribu dawa ya kulinda seli beta katika panya ambao seli zao zilikwisha kulindwa na kifaa chenyewe cha kuzitazama. Matokeo mengi yalilazimika kusomwa upya kwa tahadhari, na nawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo isiyo na shangwe.

Mama mmoja kutoka Marangu, ambaye mwanawe anachoma sindano kila siku, alinionyesha kwenye simu yake picha ya vidoa vya kijani chini ya maneno kwamba tiba imepatikana. Aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mwanangu ataacha sindano?" Nilimjibu kwamba hapana, asiache hata siku moja, kisha nikamweleza kwamba binadamu hawezi kupandikizwa jeni ya konyeza ili tumtazame, na kwamba hata mpangilio wa kisiwa hutofautiana: kwa panya seli beta hukaa katikati na seli alfa, aina nyingine ya seli za kisiwa, pembeni, kwa binadamu huchanganyika.

Kwa binadamu, njia inayojaribiwa ni kumdunga eksendini, molekuli iliyogunduliwa katika mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani, ikiwa imebandikwa chembe ya mionzi kidogo. Hushika kipokezi cha homoni iitwayo GLP-1, ambacho kipo kwa wingi kwenye seli beta, na mashine ya PET, inayonasa mionzi itokayo mwilini, huipiga picha. Tatizo ni kwamba figo nazo huikusanya kwa wingi mno, na figo ya kushoto iko karibu na mkia wa kongosho, mahali penye visiwa vingi, kiasi kwamba mng'ao wake hufunika kile hasa tunachotaka kukihesabu.