Tangi la matumbawe: anza na maji

Kabla hujanunua tangi, nunua kipimo cha chumvi. Hilo ndilo jibu langu kwa kila anayeniuliza namna ya kuanza kufuga matumbawe nyumbani, na wengi haliwaridhishi, maana walitaka niwatajie taa gani na samaki gani. Lakini fikiria: samaki akichukizwa na kona moja ya tangi atahamia kona nyingine. Tumbawe halina pa kwenda. Limeshikamana na jiwe lake, na chochote maji yanacholiletea, usiku na mchana, litakipokea. Anayefuga matumbawe anafuga maji, na maji hayo kazi yake kubwa ni moja tu: yasibadilike-badilike.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Milton Keynes, katikati ya Uingereza, mbali na bahari kwa kila upande. Tangi langu ni la lita 130, nililinunua likiwa limetumika, pamoja na meza yake. Usiende chini ya lita 100 ukiwa unaanza. Madukani wanauza vitangi vizuri vya lita 20 au 30 na kuvisifia kuwa ni vya wanaoanza, nami sikubaliani nao hata kidogo. Maji machache hupata joto haraka, hupoa haraka, na konokono mmoja akifia nyuma ya jiwe yanachafuka yote kabla hujajua. Ila kumbuka uzito. Lita 100 za maji ya bahari zina kilo zaidi ya 100, bado mawe, mchanga, kioo na meza. Kabati la kawaida la kuwekea televisheni halikutengenezwa kwa mzigo huo.

Maji ya bomba ya huku ni magumu. Birika la chai linashika ukoko mweupe kila baada ya muda mfupi. Kwa chai hayana neno, kwa matumbawe hayafai, maana huja na fosfati na nitrati zinazolisha mwani usioutaka, na pengine shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba kidogo tu huua konokono, kamba na matumbawe. Kwa hiyo tunatumia maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kwenye utando unaozuia karibu kila kitu isipokuwa maji yenyewe, kisha yakapitishwa kwenye chujio la mwisho mpaka kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri. Maduka mengi ya samaki Uingereza yanauza maji haya kwa dumu la lita 25. Ukiwa na nafasi chini ya sinki, funga mashine yako mwenyewe, lakini ujue kuwa kwa kila lita safi unayopata, lita kadhaa zinakwenda kwenye mfereji. Mimi hizo huzikinga nikafulia.

Ndipo unapoweka chumvi. Isiwe ya jikoni. Ni chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ya baharini. Unahitaji gramu 35 hadi 40 hivi kwa lita, kutegemea aina yake. Mwaga chumvi ndani ya maji, usimwage maji juu ya chumvi. Acha pampu ikoroge mpaka maji yang'ae, kisha pima. Unatafuta gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Refraktomita, kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga, ndiyo ninayoiamini, na uisahihishe kwa kimiminika maalumu cha kipimo cha 35. Kuisahihisha kwa maji matupu peke yake kunaweza kukupa sifuri iliyo sahihi lakini 35 isiyo sahihi.

Sasa jambo ambalo watu hawalioni mpaka waelezwe. Maji hupanda hewani, chumvi haipandi. Majira ya baridi hita za nyumba zikiwaka na hewa ikawa kavu, tangi langu hupoteza karibu lita mbili kwa siku. Tangi la lita 100 lenye chumvi ya 35 likipoteza lita tano, limefika karibu 37, na hakuna aliyeongeza hata punje. Unachorudishia ni maji matupu ya RO, kamwe si maji ya chumvi. Ukiweza, nunua kile kifaa cha kujazia chenyewe: kihisio kidogo kwenye kioo na pampu ndani ya ndoo ya pembeni. Katika vyote nilivyolipia, hicho ndicho nisingekubali kukikosa, hata mbele ya taa.

Joto nalo. Weka kati ya digrii 24 na 26, uchague moja na ubaki nayo. Badala ya hita moja kubwa tumia mbili ndogo, zipite kwenye kidhibiti cha nje kinachokata umeme joto likizidi. Hita ikiharibika ikakwama imewaka, ile kubwa itayapasha maji joto la kuua. Ile ndogo haitakuwa na nguvu hiyo. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunajua joto linafanya nini. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kawaida yake, matumbawe yalipauka kuanzia Kenya mpaka Tanzania na mengi yakafa. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vijimwani visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyotumia mwanga na kulilisha. Maji yakizidi joto la kawaida kwa digrii moja au mbili kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa vijimwani hivyo, likabaki jeupe, na hali ikiendelea linakufa kwa njaa. Yaliyotokea baharini kote yanaweza kutokea sebuleni kwako kwa hita moja mbovu.

Tangi likishajaa, mawe yamepangwa na pampu zinazunguka, usiweke chochote chenye uhai kwa muda. Unalisha bakteria. Tia matone ya amonia safi mpaka kipimo kisome miligramu 2 hivi kwa lita, na ukipenda ongeza bakteria wa chupa. Kundi moja la bakteria litageuza amonia kuwa nitriti, jingine litageuza nitriti kuwa nitrati. Ukitia amonia leo, na kesho amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, tangi limeiva. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita, pengine zaidi ukitumia mawe makavu kama mimi. Usitumie samaki kuivisha tangi; ni kumtesa kiumbe bila sababu wakati amonia ya chupa ipo. Baadaye utaona utando wa kahawia juu ya mchanga, kisha nyuzi za kijani. Wacha upite. Konokono aina ya Trochus watafanya kazi yao, wewe punguza chakula na ubadilishe maji. Siku utakayoona madoa ya zambarau magumu kwenye mawe, huo ni mwani wa chokaa, na ni dalili njema.

Mjomba wangu alivua samaki Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, maisha yake yote. Nilipompigia kumweleza kuhusu tangi, hakuuliza bei wala sababu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hayo maji yako yanatembea au yamelala?"

"Yanatembea, mjomba. Kuna pampu mbili."

"Zinasukuma upande mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi zielekeze zigongane. Mwambani maji hayaendi upande mmoja. Yanakwenda, yanarudi, yanazunguka."

Vitabu vyote vya ufugaji vinasema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Mkondo wa upande mmoja huchubua nyama ya tumbawe upande unaopigwa na kuacha uchafu ukitulia upande wa pili. Niliziweka pampu zitazamane kwa mshazari, na tofauti niliiona.

Kwenye taa sitakaa sana. Taa ya LED yenye buluu ya kutosha inatosha. Iwake kwa jumla ya saa nane hadi kumi kila siku kwa kutumia saa ya umeme, si kwa mkono wako. Anza na nguvu ndogo, ongeza kidogo kila wiki. Mwanga mwingi wa ghafla unaweza kuliua tumbawe.

Ninachopenda zaidi kukieleza ni chokaa. Kwetu watu walichoma matumbawe kwenye tanuri kupata chokaa ya kujengea, na matumbawe yaliyokatwa baharini, yakiwa bado laini kuchongeka, yalichongwa mihrabu na fremu za milango ya nyumba za zamani za pwani. Tumbawe gumu linaijenga chokaa hiyo kutoka majini: linachukua kalsiamu na kaboneti, linaziunganisha, linapata mifupa. Kwa hiyo matumbawe magumu yakianza kukua tangini, vitu hivyo viwili vinapungua pamoja. Kalsiamu weka karibu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na ualkali, ambao unaonyesha kiasi cha kaboneti na hupimwa kwa digrii ziitwazo dKH, kati ya 8 na 9.

Ukiwa na pesa ya kipimo kimoja tu kati ya hivyo vitatu, nunua cha ualkali. Sababu ni hesabu. Ualkali ukishuka kwa dKH 1, kalsiamu inashuka kwa miligramu 7 hivi. Kutoka 8 hadi 7 utaiona bila shida. Kutoka 420 hadi 413, vipimo vyetu vya matone haviwezi kuitambua. Ualkali ndio unaokwambia mapema kwamba matumbawe yanakula. Pima siku ile ile, saa ile ile, kila wiki, uandike kwenye daftari. Na hapa ndipo wengi wanapojisumbua bure: wanasoma kwamba fulani anaweka 9, wao wana 7.8, wanamimina dawa mpaka 9 jioni moja. Tumbawe lililozoea 7.8 linaweza kuungua ncha kwa ruko hilo. Maji ya bahari yenyewe yana 7 hivi, na hakuna lawama. Bora 7.8 ya mwezi mzima kuliko 9 ya leo na 7 ya kesho. Kwa matumbawe laini ya mwanzo hutahitaji dawa kabisa. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kunarudisha kilicholiwa.

Usikimbilie sifuri kwenye nitrati na fosfati pia. Maji yasiyo na lishe yoyote hunyima matumbawe chakula na kufungua mlango kwa vijidudu vibaya kuliko mwani wa kijani. Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya miligramu 0.03 hadi 0.1 ni sawa.

Tumbawe la kwanza? Capnella, ambalo wafugaji huku wanaliita mti wa Kenya. Ni laini, lina matawi kama kichaka, linavumilia, na matawi yake hudondoka yenyewe na kuota popote yanapotua. Kisha Discosoma, lenye umbo la uyoga, kisha Sarcophyton, nalo ni laini. Baada ya miezi kadhaa ya namba zilizotulia, jaribu Duncan au Caulastraea, ambayo ni magumu lakini hayana makuu. Kila kipya kichovye kwanza kwenye dawa ya kuondoa wadudu wa matumbawe ndani ya ndoo ya pembeni, na ukague mgongo wa kibao kilichobandikiwa kama kuna Aiptasia, kiumbe kidogo cha kahawia cha jamii ya anemoni kinachozaliana kama magugu.

Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, si vilivyong'olewa baharini. Ndugu kadhaa, kwa mapenzi yao, wamewahi kusema watanibebea tumbawe wakija kutoka nyumbani. Tafadhalini, msifanye hivyo. Matumbawe yote magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata mifupa mikavu. Bila kibali ni kosa mpakani. Lakini hata pasingekuwa na sheria, miamba ya Tanga ilipigwa baruti miaka na miaka na wavuvi wa haraka, na kilichobaki ni cha thamani kubwa mno kuja kukaa kwenye kioo changu. Wasini na Mkwiro, kusini mwa Kenya, watu wanapandikiza vipande vya matumbawe baharini kwa mikono yao. Sisi huku tunakata tawi na kulibandika kwa gundi juu ya kibao. Ni maarifa yale yale, nami nafurahi sana kwamba yanakwenda upande wa kurudisha.

Onyo moja ambalo sitalifanyia adabu. Zoanthus na Palythoa, viumbe walio ndugu wa matumbawe, ni wazuri, ni rahisi kufuga, na wengine wao wana palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana. Usichemshe jiwe lenye viumbe hao. Usilisugue kavu, usilipige maji ya moto, usilikate bila glavu na miwani. Mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini hapa Uingereza. Ukiwa na watoto wadogo, usiwafuge kabisa viumbe hao. Tangi halitapungua uzuri.

Samaki waje mwisho na wawe wachache. Mimi nina wawili, wote wamezaliwa tangini.

Mti wangu wa Kenya sasa umeangusha matawi mengi kuliko mawe niliyonayo. Kama unaishi Milton Keynes, Northampton au Bedford na tangi lako limeiva, nitakupa vipande bure. Njoo na chombo chenye mfuniko, taulo la kukifunikia kisipoe njiani, na daftari lenye vipimo vya wiki tatu za mwisho. Asiye na daftari nitampa chai, kisha tutapima pamoja wiki nyingine.