Gunia la shambani, sado ya mjini

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ukiwa asilimia 31.3 vijijini na 15.8 mjini. Sababu zinazotajwa huwa zilezile: jembe la mkono, mvua, shule. Leo nawaza kuhusu vipimo, maana huko ndiko jasho la kibarua wa Nyanda za Juu Kusini linakovujia.

Anza na palizi. Kibarua analipwa kwa ekari, na ekari inapimwa "sabini kwa sabini". Sabini za nini? Zikiwa hatua ndefu za mtu mzima, za karibu sentimita 91, hesabu inakubali. Zikiwa mita za futi kamba, eneo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari halali ni kama 4,047. Zaidi ya moja ya tano ya ekari imepaliliwa bure. Ekari ya mraba ina upande wa mita 63.6, kamba ya urefu huo inamaliza ubishi kabla jembe halijashikwa.

Mjini, mwenye mkataba analindwa na sheria ya kazi ya 2004: saa 45 kwa wiki, ziada inalipwa mara moja na nusu. (Mama lishe wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, hayumo, najua.) Saa ikizidi ina bei, ardhi ikizidi haina.

Kwenye viazi hali ni mbaya zaidi. Sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia la kupitiliza, hujazwa hadi mdomoni, kisha viazi hupangwa juu na kushonewa kamba. Tuseme limefika kilo 130. Mchimbaji anayelipwa kwa gunia, akijaza kumi, amechimba kilo 300 za bure, na mwenye shamba ameziuza bure vilevile. Viazi hivyohivyo vikifika sokoni Mbeya vinapimwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki, na hapo hakuna cha nyongeza.

Kukataa peke yako ni kazi bure. Viazi vilivyokwisha chimbwa vikipigwa jua vinageuka kijani, na dalali analijua hilo; ukidai mzani anahamia shamba la jirani. Mzani unafaa ukiwa wa kijiji kizima, wenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, umewekwa mahali lori halina budi kupita, na mchimbaji alipwe kwa kilo zilezile anazolipwa mwenye shamba.