Nguzo Haihitaji Sweta

Mimi ni mfumaji, kwa hiyo watu hunitumia kila picha ya nguzo ya taa iliyovishwa sweta wakidhani nitachekelea. Wapi! Uzi ukinyeshewa hunywa maji, hulegea na kushika vumbi, mwisho mfagiaji wa watu ndiye anayeukata kwa kisu. Magda Sayeg, aliyeupa mtindo huu umaarufu kuanzia Houston, Marekani, mwaka 2005, alianza na kitasa cha mlango wa duka lake. Hapo sina neno. Kitasa ni cha kushikwa, na mkono uliotarajia chuma baridi ukikutana na sufu, huo ni utani hasa.

Mzaha ninaoupenda hutoka ndani ya kitu chenyewe. Bolti mbili na tundu chini yake tayari ni uso. Anayebandika macho ya plastiki, yale yenye mboni za kuchezacheza, anamalizia tu. Clet Abraham, msanii wa Kifaransa anayeishi Florence, Italia, hubandika kwenye alama ya "usiingie" kijitu cheusi kilichoubeba ule mstari mweupe kama fundi aliyebeba ubao. Alama inasomeka vilevile. (Anayefunika alama ya barabarani isisomeke simhesabu mchekeshaji.)

Ila Ben Wilson wa London ndiye ninayemvulia kofia. Yeye hulala chini kabisa, katikati ya miguu ya wapita njia, akachora vipicha vidogo juu ya chingamu zilizotemwa zikagandia sakafuni. Akibanwa, hujitetea kwamba hachori barabara, anachora chingamu. Na chingamu ni uchafu wa nani? Mwanasheria gani angeifikiria hiyo?

Halafu kuna Glasgow, Uskoti. Tangu miaka ya 1980 watu hupanda usiku kuivika koni ya barabarani kichwani sanamu ya Duke of Wellington, jemadari wa Uingereza, aliyekaa juu ya farasi kwa heshima zote tangu 1844. Nimeitazama picha yake kwa jicho la kazi: nisingeweza kumfumia kofia ya kumkaa vizuri hivyo. Mwaka 2013 baraza la jiji lilipanga kuinua kitako cha sanamu kwa pauni 65,000 ili wapandaji washindwe. Wakazi wakapiga kelele, mpango ukafutwa. Koni ikiondolewa, inakuja nyingine, na kuna siku hata farasi hupata ya kwake.