Mosfeti za inveta hufia getini

Inveta ya wati 1000 ikifunguliwa na mosfeti, zile transista zake za kukata na kuunga mkondo wa betri, zimepasuka, wengi hukimbilia namba ya ampea nyingi: zilikuwa IRFZ44N, wanatia IRF3205. Wiki haiishi zimekwenda tena. Kabla ya kulaumu ampea, tazama geti, mguu unaoiamsha mosfeti.

Transista ya zamani kama 2N3055 hulishwa mkondo kwenye bezi, mguu wake wa kuiamsha. Kupitisha ampea 10 inaweza kudai ampea 2 za kuiamsha tu. Mosfeti inataka volti. Geti yake imetengwa na silikoni kwa utando mwembamba wa oksaidi, na volti zikipanda elektroni huvutwa chini ya utando, njia ikafunguka. Atalla na Kahng waliiunda Bell Labs, Marekani, kwenye 1959 na 1960, ila mkondo wake ulipita juu juu, haukufaa kazi nzito. Miaka ya 1970 ndipo ulipoelekezwa wima, kati ya uso wa silikoni na mgongo wake, na vijitransista maelfu vikapangwa sambamba ndani ya kipande kimoja. Ndiyo maana bati la mgongo wa IRF3205 ni dreni, mlango mkondo unaoingilia; unatokea sosi. Ukisahau mika, kile kipande cha kuitenga na bati la kupozea, shoti.

Mosfeti hii huanza kufunguka kwenye volti 2 hadi 4, lakini ukinzani wake wa omu 0.008 ikiwa wazi umepimwa geti ikiwa na volti 10. Betri ya volti 12 ikishuka na mzigo uko pale pale, ampea zinapanda huku geti inapungukiwa. Kwa ampea 25, omu 0.008 zinatoa joto la wati 5, geti ikipungukiwa hadi zikafika 0.05 ni wati 31. Anayeikata kengele ya betri kushuka kwa kuwa inamsumbua usingizi ajue hilo. Na zile ampea 110 za IRF3205 kwenye karatasi ya mtengenezaji ni za silikoni. Umbo lake la nje, pamoja na miguu, mwisho 75.

Kupima, ing'oe kwanza. Weka mita kwenye alama ya diodi, waya nyekundu kwenye sosi, nyeusi kwenye dreni: isome kama 0.4 hadi 0.6. Geuza, isisome kitu. Geti kwa sosi isisome upande wowote. Ikisoma, oksaidi imetoboka. Volti zaidi ya 20 zinaweza kuitoboa, hata umeme tuli wa kidoleni.

Ikitoboka, aghalabu huondoka na rezista ya geti na draiva yake, sakiti inayoilisha geti. Pima zote. Badilisha kundi zima la mosfeti, si ile iliyopasuka peke yake. Nyumba za pwani, Nungwi au Makangale, tazama pia kutu ya kijani baina ya miguu: chumvi yenye unyevu hupitisha umeme na kuivuruga geti. Sugua kwa brashi na spiriti, kausha, paka vanishi.

Kabla ya kurudisha betri moja kwa moja, pitisha chanya kwenye taa ya gari ya wati 55, inveta ikiwa haina mzigo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima: shoti bado imo.