Tunda la nyuzi 17

Leo asubuhi, Tukuyu. Wanafunzi wa uzamili wa ugavi wako mlangoni mwa kontena la baridi la futi 40, parachichi zinapakiwa.

Kipimajoto kikachomekwa hadi karibu na kokwa: nyuzi 17.

Upakiaji ukasimama hapo hapo, na ndivyo inavyotakiwa!

Mashine ya kontena imewekwa nyuzi 6, lakini kontena hutunza ubaridi, halipozi mzigo. Tunda likiingia na joto la shambani litalainika meli ikiwa bado baharini. Lipozwe kwanza kwenye chumba cha baridi. Na katoni zisivuke mstari mwekundu wa juu ndani ya kontena, hewa isije ikakosa pa kurudi.

Ncha ya kipimajoto ilitoka ina mafuta ya kijani.

Wadau wa Rungwe na Njombe, nyie mnapoza kwa saa ngapi?